Kinu cha Upepo Kilichojengwa Benchini

Benchi lenyewe ni mlango uliokosa nyumba. Umelazwa juu ya matofali mbele ya banda la kutengeneza feni, na anayetaka kuukalia lazima kwanza aambiwe upande upi una msumari. Nyuma yake kuna ukuta wa banda, wenye madoa matatu meusi kwenye kimo cha kichwa, kwa kuwa watu watatu wameegemea hapo miaka nenda rudi wakirekebisha dunia. Doa la kwanza ni la mwenye banda, fundi wa feni, anayeitwa Pangaboi, ambaye hakuna jambo asiloweza kulieleza kwa mfano wa feni. La pili ni la Timazi, mwashi, aliyepewa jina hilo kwa tabia ya kufumba jicho moja na kuzipima kuta za watu, hata msibani. La tatu ni la muuza miwani ya kusomea, Inasemekana, ambaye hajawahi kusema jambo lililotoka kwake mwenyewe. Birika la kahawa liko juu ya jiko la mkaa, vikombe ni vitatu, na mgeni hunywea kifuniko cha chupa ya chai. Dunia, kwa taarifa yako, bado haijarekebika.

Siku hiyo aliyeongezeka benchini alikuwa Kioo, binti wa dada yake Pangaboi, aliyeitwa hivyo kwa sababu uso wake haubanduki kwenye kioo cha kompyuta. Kwao umeme ulikatika tangu alfajiri, na kwa mjomba kulikuwa na soketi. Alikuja ameikumbatia kompyuta yake kifuani, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akachomeka waya, akakaa upande wenye msumari kwa kuwa upande mwingine una wenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Studio moja ya katuni ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kuajiri, na kila aliyeomba alipewa kitu cha kutengeneza kwenye kompyuta kama jaribio. Kioo alipewa kinu cha upepo cha zamani, vile vya ng'ambo vya kusagia nafaka, chenye mapanga makubwa yanayozungushwa na upepo. Kilitakiwa kifike studio kabla jua halijazama. Mama yake alikuwa ameshatoa msimamo: kazi hii ya kutengeneza vitu visivyoshikika ikigoma safari hii, Kioo ataanza kuuza ndoo kwenye duka la jirani, ambako ameshatafutiwa nafasi. Kioo hakuwa na ugomvi na ndoo. Ila alikuwa amelala na kuamka na kinu hicho wiki nzima, na kazi ile aliitaka kwa moyo wake wote.

Tena kinu kilikuwa kimeshakwisha. Asubuhi ile alibakiza kukitazama mara ya mwisho na kukituma. Kosa alilofanya ni kwamba mjomba alipouliza anafanya nini, hakusema tu kwamba anafanya kazi. Alimgeuzia skrini.

Wazee wakasogea. Kioo akawaeleza, na alieleza vizuri kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwanza unatengeneza mwili, umbo tupu la kijivu, mnene chini na mwembamba juu. Unaweka kofia ya mbao, unaweka mapanga manne ya fito yaliyotandazwa kitambaa. Halafu unakivalisha ngozi. Ngozi ni picha za vitu vya kweli: mbao iliyopigwa na jua, bati lenye kutu, ukuta uliochujuka kwa mvua. Picha hizo unazizungushia umbo lako kama unavyofunika daftari la shule kwa gazeti, na ukikosea kona, kila mtu ataona.

Timazi alifumba jicho moja.

– Huu ukuta naujua, alisema.

– Ni huu wa nyuma yenu, baba. Niliupiga picha juzi.

– Na huu ufa?

– Nao ni wa hapahapa.

Benchi zima liligeuka kuutazama ukuta. Ufa ulikuwepo, umeanzia chini ya dirisha na kushuka hadi kwenye majani. Lipu ile aliipiga Timazi mwenyewe, na tangu ipasuke Pangaboi hajaacha kumwambia aje airudie, naye Timazi hajaacha kujibu kwamba kilichopasuka si lipu, ni ardhi. Sasa ufa ulikuwa unaingia kwenye katuni, utazamwe na watoto wa nchi ambazo Timazi hajawahi hata kuzisikia.

Timazi akasema kwa upole kwamba ufa ule hauna faida kwenye hadithi ya watoto, afadhali uzibwe. Pangaboi akasema kwa upole uleule kwamba ufa ndio roho ya ukuta, na kama inawezekana uongezwe upana.

Hapa ndipo Kioo aliponasa. Mmoja ni mjomba wake, mwingine ni rika la baba yake, na kwao mkubwa haambiwi hapana. Anaambiwa sawa, halafu mtu unaondoka ukafanye ulichotaka kufanya. Ujanja huo umelea watoto wengi na haujawahi kumvunjia mtu heshima, lakini una sharti moja, kwamba uwe na pa kuondokea. Kioo soketi yake ilikuwa hapo. Akauziba ufa. Akaambiwa aurudishe, akaurudisha. Akaambiwa auzibe nusu.

– Ubaki, alisema Timazi mwishowe, lakini uonekane sababu yake. Huo si ufa wa lipu. Mapanga yakizunguka, jengo linatetemeka, na jengo likitetemeka hata lipu ya malaika itapasuka.

– Na la kwangu? Pangaboi aliuliza. Nani analitetemesha?

– Feni zako.

Hoja hiyo ilinywewa kahawa. Ilikuwa hoja nzito kuliko ilivyotazamiwa, na Pangaboi alihitaji muda. Timazi akautumia muda huo kumweleza Kioo kwamba lipu haipasuki hewani, nyuma yake lazima kuwe na tofali, na kwenye kinu hiki haoni tofali hata moja. Kioo akasema matofali hayaonekani, yamefunikwa. Timazi akamtazama kwa huzuni, akamwambia kwamba maneno hayo ndiyo wanayosema makandarasi wote ambao nyumba zao zimeanguka. Basi Kioo akaanza kuyapanga matofali ndani ya ukuta, moja moja, kinu kizima, huku Timazi akimsimamia na kumkumbusha kupishanisha maungio.

Pangaboi alirejea mchezoni kwa upande wa mapanga.

– Feni hii umeiweka juu sana, alisema.

– Si feni, mjomba. Ni kinu.

– Ina mapanga?

– Inayo.

– Yanazunguka?

– Yanazunguka.

– Mimi nimefungua feni kabla hujazaliwa. Hii ni feni. Watu wa huko walisikia joto, wakajenga feni ya kijiji kizima. Upepo ukitoka hapo unagawanywa.

Kioo akasema taratibu, akichagua maneno, kwamba kinu hakitoi upepo. Upepo ndio unaokuja na kukizungusha.

– Sawa, alisema Pangaboi. Na huo upepo umetoka wapi?

Kioo alijua kulikuwa na jibu, aliwahi kulisoma shuleni, lakini lilihusu mambo ya joto na baridi na bahari, na kwa macho aliyokuwa anatazamwa nayo lisingefika mbali. Inasemekana akamwokoa kwa kuharibu zaidi.

– Inasemekana, alisema, zamani huko hakukuwa na upepo kabisa. Nguo zilikuwa hazikauki. Walipojenga hivi ndipo ukaanza.

– Ndiyo maana walijenga vingi, alisema Timazi.

– Na ndiyo maana siku hizi upepo umezidi, alimalizia Pangaboi. Walisahau kuvizima.

Kwa hiyo mapanga yakarekebishwa. Yalipinda kidogo, kama inavyotakiwa kwenye feni yoyote yenye akili. Pangaboi alitaka boliti zionekane, kila boliti na washa yake, kile kipete cha bati. Alitaka swichi, chini, mahali ambapo mtu mzima anafika na mtoto hafiki, na Kioo akaichonga na kuiita mpini ili dhamiri yake itulie. Kisha Pangaboi alitaka wavu wa kuzunguka mapanga, kwa ajili ya vidole vya watoto. Kioo akasema mapanga yale yako juu ya paa. Mjomba akajibu kwamba hajui watoto wa huko wana urefu gani, wala Kioo hajui.

Saa sita mchana ilipita. Ilipofika zamu ya Inasemekana, watu walikuwa wamechangamka na kahawa ilikuwa imekolea. Inasemekana hana ufundi wa kujenga, ila ana habari, na habari zake zilikuwa kwamba kusaga nafaka kulikuwa kisingizio. Nani anajenga ghorofa ili asage unga? Mwenye kinu alikaa kule juu akiangalia moshi wa majiko ya watu, akijua nani amepika mara mbili na nani hakupika, na ikifika siku ya kuomba mkopo wa unga tayari ana taarifa zako zote. Wenzake waliona hilo linaingia akilini kabisa. Liliwakumbusha watu wawili watatu wanaowafahamu. Kioo akaambiwa aweke kidirisha juu, kwenye kofia, chenye pazia, na nyuma ya pazia kivuli cha mtu mwenye shingo ndefu.

– Tena inasemekana, aliendelea Inasemekana, mapanga yakiachwa yamesimama mkao fulani, ni taarifa. Majirani wanajua kwamba nyumba hiyo ina msiba.

Timazi na Pangaboi waliangua kicheko. Walicheka mpaka Pangaboi akamwaga kahawa kidogo. Walimwambia kwamba leo amevuka mpaka, kwamba habari za msiba hazitangazwi kwa feni. Inasemekana akafuta miwani yake. Kioo alikuwa amelisoma jambo hilo kwenye mtandao siku mbili kabla, na lilikuwa kweli, pengine ndilo jambo la kweli pekee lililotamkwa benchini mwaka huo. Hakusema. Alikuwa anapanga matofali.

Na hapa nikusimulie ukweli wa Kioo, maana ukimwona ameinama vile unaweza kumhurumia bure. Hakuwa analazimishwa tu. Alikuwa anafurahi. Wiki nzima alikuwa ametengeneza kitu chumbani peke yake, na mama yake akipita mlangoni alikuwa anauliza kama bado anacheza. Leo watu wazima watatu walikuwa wanagombania ukuta wake kama ukuta. Waliogopa utaanguka. Waliwahofia watoto ambao hawapo wasikatwe vidole na mapanga ambayo hayapo. Kila aliposema sawa, kinu kilizidi kuwepo, na yeye alizidi kuongeza.

Kompyuta nayo ilikuwa inaongeza. Kwanza ilipata joto. Kisha ikaanza kuvuma. Kisha Kioo alipojaribu kukigeuza kinu wakione kwa nyuma, picha iliganda, ikakaa, ikakaa, ikasogea kidogo na kuganda tena. Kilikuwa kimebeba matofali, boliti, washa, wavu, pazia na shingo, na kilikuwa kizito kuliko faili lolote alilowahi kulifungua. Kioo alitazama jua. Lilikuwa limeshuka usawa wa paa la ng'ambo ya barabara, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alishikwa na woga.

Pangaboi alitega sikio kwenye kompyuta.

– Beringi imekauka, alisema, akaingia bandani, akatoka na bisibisi na kikopo cha mafuta.

Kioo aliilalia kompyuta kwa mikono yote miwili. Alisema inapumzika tu. Timazi akasema labda ni uzito, labda benchi halijakaa sawa, akafumba jicho kulipima benchi. Inasemekana akaripoti kwamba inasemekana kompyuta zinachoka jioni kama watu.

Wakiwa katika hali hiyo alifika mteja. Alikuwa mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa pili, amebana feni ya mezani kwapani, na sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Pangaboi alimwambia asubiri kidogo, wana kikao. Mama akaiweka feni chini, akapewa kifuniko chenye kahawa, akainama kuangalia kinachowakusanya watu wazima namna ile. Alikitazama kinu kwa muda. Kilikuwa kimejaa skrini yote, kila tofali na kivuli chake.

– Kizuri, alisema. Sasa mimi ninayekitazama, nimesimama wapi?

Timazi alisema amesimama pale chini, kwenye msingi, kisha akakumbuka kwamba mtu aliyesimama kwenye msingi haoni kofia. Pangaboi akasema amesimama juu, usawa wa mapanga, kisha naye akajisikia akisema. Inasemekana alisema inasemekana, akaishia hapo. Wote wakamgeukia Kioo, kwa sababu kinu ni chake.

Jibu Kioo alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, dada wa studio alipompigia simu na kumweleza jaribio. Hadithi inatokea uani mwa nyumba moja, ambayo studio ilimtumia mchoro wake wa haraka tu. Kinu kinaonekana mbali, nyuma ya paa la nyumba hiyo, kwenye ukungu wa asubuhi, ili upeo usiwe mtupu. Kiwe chepesi, dada yule alisisitiza, kiwe chepesi, maana ni kwa mbali tu. Asubuhi Kioo alikuwa nacho hichohicho kilichoagizwa. Kuanzia hapo hakukumbuka tena.

Alichukua kipanya akairudisha nyuma kamera ya ndani ya skrini, na kompyuta ikanung'unika kwa kila hatua. Matofali yakawa mistari, mistari ikawa rangi. Ua likaingia mbele, kamba ya nguo, kisha nyumba, kisha paa, kisha ukungu. Kwenye ukungu, juu kidogo ya paa, palibaki kitu kidogo cha kijivu.

– Kiko wapi? aliuliza Pangaboi.

Kioo akakigusa kwa ncha ya ukucha, na ukucha ukakifunika.

Timazi alitoa miwani kwenye sanduku la Inasemekana bila kuomba, akaivaa, akakaribia, akaivua. Aliyezungumza ni Pangaboi, na alizungumza kama mwenyekiti.

– Hiyo nyumba ya mbele ni ya nani?

– Ya kina mtoto wa kwenye hadithi, mjomba.

– Itolewe.

– Hadithi inatokea hapo.

– Hadithi inaweza kutokea popote. Mpigie bosi wako simu, mweleze hali ilivyo. Mwambie hapa kuna kinu, kimejengwa na mafundi, hawezi kukiziba na kibanda cha mtu. Akikataa kuivunja, aisogeze.

– Kuivunja ni kazi ndogo, alisema Timazi. Msingi wenyewe siuoni.

Kioo alimtazama mjomba wake. Alimpenda sana wakati ule, yeye na bisibisi yake mkononi, na alijua akisema sawa mara nyingine moja tu, kesho atakuwa anapanga ndoo.

– Hapana, mjomba, alisema.

Sauti ilitoka ndogo lakini ilisikika. Neno hilo Pangaboi hakuwa amelisikia kutoka kwa mpwa wake tangu alipokuwa mtoto anakataa dawa ya minyoo. Alikaa chini. Kioo akakifunga kinu cha benchi, kompyuta ikashusha pumzi, akafungua kile cha asubuhi alichokuwa amekihifadhi pembeni. Mwili, kofia, mapanga manne, ngozi ya ukuta. Akakituma. Kilikwenda mara moja, jua likiwa bado linaonekana nusu.

– Kwa hiyo sisi hatumo, alisema Pangaboi.

Kioo aliona uso wake na roho ikamuuma.

– Mmo, mjomba. Ukuta ni huuhuu wenu. Ila kwa pale hamwonekani.

Pangaboi aliinuka, akakaribia skrini ambako ua na paa na ukungu vilikuwa vimerudi, akakitafuta kile kitu cha kijivu, akakikazia macho.

– Ufa nauona, alisema.

– Huoni kitu, alisema Timazi.

– Unaanzia chini ya dirisha.

– Dirisha lenyewe hulioni.

Waliendelea hivyo mpaka simu ya Kioo ilipolia. Alisimama kuipokea, akaenda hatua chache, akarudi ameshika mdomo. Ilibidi mama wa cherehani amshike mkono ndipo aseme. Alikuwa amepata. Dada wa studio alisema wengine wote walileta vinu visivyofunguka, vizito kama nyumba, na yeye peke yake ndiye aliyesikia alichoambiwa. Kesho aanze kazi. Kwa sasa atafanyia popote alipo mpaka wampatie meza, na kitu cha kwanza atakachotengeneza ni ile nyumba ya mbele.

Benchi lilipokea habari hizo kwa utulivu wa watu waliozitegemea. Pangaboi alimkumbatia mpwa wake, akamwambia hakuna kitu kinachoshinda mashauriano. Inasemekana akasema imeshasemekana mtaani kwamba studio hiyo inaajiri waliofundishwa na wazee. Timazi hakupongeza mara moja. Alikuwa amefumba jicho.

– Nyumba, alisema. Hiyo itatazamwa kwa karibu?

– Kwa karibu sana, baba.

– Ndani na nje?

– Ndani na nje.

Timazi akasogea upande wenye msumari ili kumwachia Kioo upande mzuri. Pangaboi akalitikisa birika, akamwambia kesho awahi, maana nyumba ina mambo mengi, ina feni karibu kila chumba. Inasemekana akaanza kueleza inasemekana nini kuhusu watu wanaokaa nyumba za namna ile.

Kioo aliwashukuru wote, mmoja mmoja, kwa heshima zote. Akachomoa waya, akaikumbatia kompyuta yake, na wakati mama wa cherehani anaiokota feni yake, ambayo hakuna aliyeigusa, akamfuata pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama kule kibandani kwake kuna soketi.

– Ipo, mwanangu, alisema yule mama. Na usijali, hutakaa peke yako. Tuko mafundi watano pale, mawazo hutakosa.